Kisanga Bila Maji

Sisi watu wa Lubumbashi hatujui kulia kimya kimya. Hata kwenye msiba wa Mwislamu, ambao wenyewe wanataka utulivu na dua, sisi majirani tunafika na midomo yetu, tunakaa kwenye viti vya plastiki, na nusu saa haipiti mtu ameshawachekesha wenzake. Juzi, kwenye matanga ya mzee Ramadhani, pale nyumbani kwake, mtaa wetu uitwao Kenya, mchekeshaji nilikuwa mimi. Nilikaa na wanawake tuliojuana tangu zamani, wake na wajane wa wafanyakazi wa mgodi, na mmoja akanigusa goti: "Mama Ngoie, ile habari ya buldoza na kibao, leo hautatuambia?" Nikaisimulia. Nimeisimulia darasani miaka yote niliyofundisha, nimeisimulia harusini, nimeisimulia kwenye basi la Likasi kwa watu nisiowajua. Ni habari ya dereva mgeni aliyesimamisha kazi ya mgodi siku tatu nzima kwa sababu hakujua Kiswahili cha hapa kwetu. Wakacheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya kikwembe. Zaina, binti wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Yeye hakucheka. Alikuja akaniinamia sikioni, akasema, "Mama, usiende kwanza. Baba aliniachia kintu yako. Tungoje bantu bapunguke."

Basi nikangoja. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, kiti changu kilikuwa na mguu mmoja mfupi, na kupitia dirishani niliona picha ya marehemu ukutani, amevaa kofia ya kazi, amekunja uso kama mtu anayeombwa kitu asichotaka kutoa. Mtu wa umri wangu akingojeshwa, hana pa kwenda isipokuwa nyuma. Nikarudi kwenye mwaka mmoja tu, ule mwaka wa majina, tulipoambiwa tuyaache majina ya ubatizo. Ijumaa nilitoka chuoni nikiitwa Béatrice, Jumatatu nikarudi nikiwa Ngoie, na karani wa chuo akanisahihisha mbele ya foleni nzima, eti nimekosea kujitaja, kana kwamba yeye ndiye aliyenizaa. Wanaume walivua tai wakafunga abakosti, lile koti la bila tai, hadi kooni kwenye jua lile. Tukawa tunaitana citoyen na citoyenne, yaani raia, hata na mtu mliyelala naye chumba kimoja cha bweni. Nilikuwa na miaka ishirini, nasoma elimu ya viumbe pale chuoni Kasapa, na nilikuwa na hasira ya bure bure na kila mtu. Hasira ile bado ninayo, imepungua tu makali.

Mwaka ule nilipata kazi ya kusaidia kwenye chumba cha mimea iliyokaushwa. Sijapata kukipenda chumba kingine kama kile, na nimeishi katika nyumba nzuri. Kilikuwa mwisho wa ukumbi, paa la bati, makabati ya mbao hadi darini, na harufu ya dawa ya nondo iliyoingia kwenye nywele hata wenzangu bwenini wakaniita Mama Naftalini. Tulibana mimea kati ya magazeti, tukaikaza kwa mikanda, tukaikausha juu ya jiko la makaa. Na magazeti yenyewe yalikuwa na kazi yake, maana karibu kila ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Mkuu wa nchi, na hakuna aliyetaka kukutwa amemkandamizia majani mabichi usoni. Kwa hiyo kabla ya kubana ua lolote tulitoa kwanza kurasa za mbele, tukazikunja vizuri, tukaziweka kabatini kwa heshima zote. Kabati lile lilijaa kuliko yote.

Mwenye chumba alikuwa citoyen Mukendi, mwalimu msaidizi, Mkasai mwembamba aliyekula amesimama. Karanga, ndizi, kipande cha chikwange, vyote alivila akitembea kati ya makabati, na makombo tuliyakuta kwenye madaftari. Kifaransa chake kilikuwa cha kitabu, Tshiluba chake cha nyumbani, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyanya tu. Ndiyo maana alinichukua. Alihitaji mdomo. Kila tulipotoka kwenda porini, yeye alisema kwa Kifaransa na mimi nikageuza kwa Kiswahili kwa wafanyakazi, na mara nyingi niliyafupisha maneno yake maana alikuwa mrefu wa maneno kuliko barabara ya Kasumbalesa.

Barabara hiyo hiyo ndiyo tuliyoifuata kwenda kwenye kilima tulichokiita Kalulu. Ukitoka mjini unaingia msitu wa miombo, miti kwa miti, saa nzima huoni kitu kingine, halafu ghafla miti inakoma. Mbele yako kuna kilima kilicho uchi, nyasi fupi na mawe ya kijani, kama kichwa kilichonyolewa. Udongo wake una shaba nyingi kiasi kwamba mti ukijaribu kuota unakufa. Lakini kuna mimea midogo iliyozoea sumu ile karne kwa karne, hata sasa haiwezi kuishi kwingine. Mukendi alishuka kwenye gari siku ya kwanza, akanyoosha mkono, akasema, "C'est une île." Ni kisiwa. Nilidhani jua limempiga. Kisha nikakaa chini nile mkate wangu, naye akapiga kelele kana kwamba nimekalia nyoka. Nilikuwa nimekalia ua. Lilikuwa la zambarau, refu kama kidole, jani lake lina mstari mweupe katikati. Alilipekua, akalipekua tena, akatoa kitabu, akatoa kingine. Jioni alikuwa hajala karanga hata moja. Ua lile hakulikuta kwenye kitabu chochote, na miezi yote iliyofuata, kwenye vilima vyote vya shaba tulivyovipanda, hatukuliona tena. Lilikuwa Kalulu tu, kwenye bega la kusini. Hadi leo wenzangu wananitania kwamba mchango wangu katika sayansi niliutoa kwa makalio.

Shida ni kwamba maua ya namna ile ndiyo yanayomwonyesha mchimbaji pa kuchimba. Palipo na ua la shaba, chini kuna shaba. Kampuni ya mgodi, na Kampuni wakati ule ilikuwa ni serikali na serikali ni Kampuni, ilikuwa imeshatoboa mashimo ya kupima juu ya kilima, kambi ya wafanyakazi imejengwa, na mashine zimefika. Mvua zikianza kupungua, kilima kingekwanguliwa ngozi yake yote ili mawe yafikiwe. Ua lilikuwa limechanua lakini mbegu zilikuwa bado mbichi. Likikwanguliwa kabla ya bega lile kupewa ulinzi wa mtu yeyote, basi lingekwisha duniani, nasi tungebaki na majani mawili makavu ndani ya gazeti. Mukendi alikuwa hasemi jambo jingine. Hata akiulizwa habari za asubuhi alijibu kuhusu mbegu.

Enjenia wa pale aliitwa citoyen Kasongo, mtoto wa hapa hapa Katanga, mnene, mpole, aliyefuta miwani kila alipotaka kukataa kitu. Ofisi yake ilikuwa ya mbao, na chumba cha jirani nilipokuwa nachapa orodha zetu kwa mashine kilitenganishwa nayo kwa ubao mmoja. Niliyasikia yote. Nasema ukweli, nilipunguza kuchapa ili nisikie vizuri. "Citoyen Mukendi," alisema Kasongo, "miye minaheshimia masomo yako. Lakini angalia hii cité ya bafanyakazi. Hospitali, masomo ya batoto, unga ya posho, yote inatoka mu haya mabwe. Ile ua yako inalisha nani?" Nilimsikia Mukendi akitembea huku na huku, na nilijua anatafuta karanga mfukoni. Akajibu kwa Kiswahili chake kibovu, jambo ambalo hakulifanya na mimi hata siku moja. "Hailishi muntu. Lakini shaba iko mu milima mingi. Ile ua iko na hii moja tu. Siombe mulima. Ninaomba bega, ile upande mashimo yenu ilionyesha shaba kidogo." Kasongo lazima alifuta miwani, maana alichelewa. "Lete papier. Direction, bakubwa ba Lubumbashi, bakiandika, miye sigusi. Bila papier, Jumatatu Ramadhani anasukuma." Nilirudi kwenye mashine yangu nikachapa jina la mmea vibaya mara tatu. Nilitaka kumchukia Kasongo, lakini asubuhi ile ile nilikuwa nimepita mbele ya hospitali ya kambi na kuona akina mama kwenye benchi na watoto wao, wanangoja sindano.

Ramadhani aliyetajwa ndiye huyu tuliyemzika juzi. Alikuwa dereva wa buldoza, ambalo yeye aliliita tingatinga, mtu wa Ujiji ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na ulimi wake wa Ujiji aliutunza kuliko mashine yake. Miaka kumi na mmoja Katanga, na bado bukari yetu aliiita ugali. Ukimwambia "bantu mingi" anakusahihisha, "watu wengi, binti, watu wengi." Wafanyakazi walimcheka, wakasema kichwa chake kigumu, lugha ya hapa imekataa kuingia. Hata hivyo mimi nilimpenda, kwa kuwa nyumbani kwake tulikula. Jumapili ile kabla ya wiki ya mwisho alitualika, Mukendi na mimi. Mkewe, mama Zaina, alipika bukari laini, sombe, majani ya muhogo, yenye mafuta ya mawese, na samaki wakavu wakubwa aliotumiwa na ndugu zake wa ziwa Mweru. Nikasifu samaki. "Eh, hii ni nini!" akasema mama Zaina. "Kwetu ku kisanga, namna hii tunapatia batoto badogo bachezee." Ramadhani akacheka, akasema, "Kila kizuri kiko kwao. Sijui alikubali vipi kuvuka maji kunifuata mimi." Mkewe akampiga begani kwa mwiko, na bukari ikabaki kwenye shati lake hadi tulipoondoka.

Zaina alikuwa na miaka sita. Nilikuwa na ua moja kwenye kopo lenye maji kidogo, nikampa kioo chetu cha kukuzia aangalie. Alikaa nalo sakafuni muda mrefu, ametoa ulimi, anahesabu vinyweleo vya ua. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Baba, ukisukuma mulima, hii inaenda wapi?" Ramadhani alikuwa anachambua mwiba wa samaki. Akauchambua mpaka mwisho. "Kula, mwanangu," akasema.

Siku chache baadaye Mukendi aliondoka kwenda Lubumbashi kukaa mlangoni kwa wakubwa mpaka wamwandikie. Alikuwa ameacha amri moja: niweke alama chini ya bega la kusini, ili hata kama papier itachelewa, mtu asipite pale kwa bahati mbaya. "Andika kwamba ni kisiwa cha maua," alisema. "Kwa lugha yao." Nikapata ubao wa sanduku la vipuri, na kopo la rangi nyekundu lililobaki ghalani. Kwetu kisiwa tunasema kisanga, hata kwenye Biblia yetu ndivyo kilivyoandikwa, basi nikaandika KISANGA kwa herufi kubwa, nzuri, za mwalimu mtarajiwa. Nilipochovya brashi niandike YA MAUA, rangi imekwisha. Nilikwangua kopo kwa kijiti, nikapata tone la kupaka kucha tu. Ghala lilikuwa limefungwa, na lori la kwenda mjini linapiga honi. Nikakipigilia kibao vile vile kwenye mti wa mwisho kabla ya nyasi, nikakimbilia lori, kwa kuwa Jumatatu nilikuwa na mtihani.

Yaliyotokea Jumatatu sikuyaona. Niliambiwa na kapita Mwansa, msimamizi wa wafanyakazi, ambaye alitumwa kwa jeep kunichukua Kasapa siku ya Jumatano, na njia nzima alikuwa anapiga usukani kwa kiganja. Ramadhani alipanda na mashine yake asubuhi, akafika kwenye kibao, akakisoma, akazima injini. Akashuka. Akasema hasogei. "Hapa pameandikwa kisanga," alisema, "na kwetu kisanga ni balaa, ni jambo la kutisha lililompata mtu. Siingizi mashine mahali palipoandikwa hivyo mpaka nijue ni kitu gani kilitokea." Mwansa akamwambia kisanga ni kitu kingine. Ramadhani akamwambia si Mwansa aliyekiandika, aletwe aliyekiandika. Dereva wa pili alikuwa na malaria hospitalini. Jumanne enjenia mwenyewe alikwenda kumbembeleza, akamkuta amekaa juu ya pipa anakunywa chai. "Hii muntu ya Ujiji!" alisema Mwansa. "Miaka yote eko hapa, haijue hata kisanga! Ni bule kabisa!" Nami nilicheka ndani ya jeep, kwa maana Mukendi alikuwa bado mlangoni kwa wakubwa na kila siku iliyopotea kwa Kampuni ilikuwa faida kwetu.

Tulipofika, kilima kizima kilikuwa na watu. Kazi ikisimama, wafanyakazi wote hukusanyika pale iliposimama. Kasongo alikuwepo, miwani mkononi. Ramadhani alisimama kutoka kwenye pipa lake, akajipangusa suruali, akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "Binti, wewe ndiye uliyeandika?" Nikasema ndiyo, mzee. "Kisanga gani kimetokea hapa? Nani kafa?" Watu wakaangua kicheko. Uso uliniwaka. Nikasema, "Hakuna aliyekufa, mzee. Kwetu kisanga ni kisiwa." Akageuka kushoto, akageuka kulia, akatazama msitu pande zote, akatazama mbingu. "Kisiwa," alisema. "Sawa. Maji yako wapi?"

Hapo hata enjenia aligeuka pembeni kuficha kicheko. Mwansa alijishika magoti. Na mimi, kwa hasira yangu ile ya miaka ishirini, nikasahau aibu nikaanza kumjibu. Nikamwambia maji ni huu msitu. Nikamwonyesha miti ilipokoma, kama ufukwe. Nikamwambia mimea ya hapa ikitoka nje ya udongo huu wa shaba inashindwa kuishi, na miti ya kule ikiingia hapa inakufa, kwa hiyo waliomo humu wamefungiwa humu. "Lakini mbegu si hupeperushwa na upepo?" akauliza. "Si zitafika kilima kingine?" Nikasema zinaangukia msituni njiani na zinaoza. "Na kilima kingine cha shaba hakina ua hili?" Nikasema tumepanda vyote tunavyovijua, hatukuliona. Alikuwa anauliza taratibu, swali moja baada ya jingine, mpaka nikaona kama nafanya mtihani mwingine. Kisha akauliza, "Sasa anayeishi kisiwani, ukikiondoa kisiwa chini yake?"

"Anazama," nikasema.

Hakuna aliyecheka tena. Mwansa alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. Ramadhani akaitikia kwa kichwa, akasema, "Mimi sasa nimeelewa. Lakini hawa hawajasikia vizuri, umenijibu kwa Kiswahili cha shule. Waambie kwa lugha yenu." Nikapanda juu ya pipa lake la chai, nikarudia yote kwa Kiswahili cha hapa, njo vile, bantu bote basikie, kwamba kila ua ya hii bega iko kama muntu ya ku kisanga. Lilikuwa somo langu la kwanza maishani. Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, sijapata darasa lililonyamaza vile.

Mukendi alifika mchana, abakosti imejaa matope, kwa kuwa gari alilopewa lilikwama na yeye akaja kwa miguu. Alishika bahasha juu ya kichwa kama anayevuka mto. Kasongo akaifungua, akaisoma, akaisoma tena. Wakubwa hawakuandika ndiyo wala hapana. Waliandika kwamba jambo hilo linaachwa kwa busara ya enjenia aliye mahali pa kazi. Nilimwona Mukendi akizeeka pale pale. Siku zote zile mlangoni, na mlango umemrudisha kwa mtu yule yule. Kasongo alikunja barua, akafuta miwani, na mimi nikasema moyoni, basi, amekataa. Lakini aliivaa miwani, akaanza kupanda bega la kusini, na sisi tukamfuata. Alitembea akiangalia anapokanyaga. Juu kabisa akasimama, akamwambia Mukendi, "Kilele ni yangu. Siwezi kukiacha, ile hospitali haijengwe na maua. Bega ni yako. Na udongo ya juu ya kilele, mbele ya kuchimba, nitakupatia bantu na malori muipeleke mahali munataka." Kisha akaniambia mimi, "Citoyenne, ile kibao, maliza kuiandika."

Sikukimaliza. Nilipokwenda kukichukua hakikuwepo, na nikadhani kuna mtu amekifanya kuni za kupikia bukari. Ramadhani aliwasha mashine Alhamisi akasukuma kilele, kama kazi yake ilivyomtaka, na nilikaa nikatazama, na nililia, sifichi. Tuliyahamisha majani ya kilele na udongo wake kwa malori hadi kwenye ardhi tupu ya mgodi wa zamani. Mengi yalikufa, mengine yalishika. Lakini bega lilibaki. Mbegu zilikomaa, tukazikusanya kwenye bahasha, na mwaka ule ukaisha nikiwa nimejua nitafanya nini na maisha yangu. Utawala umebadilika, Kampuni imebadilika, majina yetu ya ubatizo yamerudi, na bega la Kalulu bado lipo. Nimepeleka wanafunzi wangu pale kila mvua zinapoisha. Mwaka huu pia nilikwenda, na magoti haya, na ua lilikuwepo, limesambaa hata kwenye kifusi cha zamani ambapo hatukulipanda.

Watu walipopungua, Zaina aliniita ndani. Alitoa chini ya kitanda cha baba yake kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kanzu, na kabla hajakifungua nilishajua kutokana na upana wake. Rangi nyekundu ilikuwa imefifia ikawa ya matofali. KISANGA. Nikacheka, nikasema, "Kumbe ni yeye aliyeiiba! Mzee wangu na neno lake la balaa."

Zaina alikaa kitandani akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekawia. "Mama Ngoie," akasema, "mama yangu alizaliwa wapi?"

Nikafungua mdomo nijibu. Niliwaona samaki wale mezani, na mwiko, na bukari begani kwa shati. Kwetu ku kisanga. Mtu ameoa ku kisanga, kwenye kisiwa cha ziwa Mweru, amevuka maji kwenda kuposa, amekula samaki wa kisanga miaka na miaka, kila siku anasikia neno lile nyumbani kwake.

"Alijua," nikasema.

"Alijua siku ya kwanza," akasema Zaina. "Alisema, 'Kama ningekataa kwa akili wangenifukuza siku ile ile, na weye na mama yako mungelala wapi? Nikakataa kwa ujinga, wakanicheka.' Na alisema ile mutoto ya Kasapa iko na maneno, lakini hakuna muntu anamuuliza. Basi alikuuliza." Akakiweka kibao mapajani mwangu. "Alikusikia ukiisimulia harusini kwangu. Bantu banacheka. Nikataka kukukatiza, akanishika mukono. Akasema mwache, anaisimulia vizuri."

Nililia mpaka Zaina akaniletea maji. Halafu nilisimama, nikajifunga kikwembe vizuri, nikatoka uani na kibao changu mkononi. Walikuwa wamebaki wale wanawake sita au saba, wanakunja mikeka. Nikawaambia, bandugu, ikaleni kwanza. Ile habari ya buldoza, miaka yote hii nimeisimulia vibaya. Mukeka iwekwe chini, niianze upya. Yule dereva alijua.